Vyumba vya Kupangisha au Hisa? Swali Lililotugombanisha Nyumbani

Mume anataka vyumba, mke anataka hisa, na akiba ni moja tu. Mhariri wetu alishika kalamu na kikokotoo, akawauliza waliotangulia, na akakuta kwamba hesabu peke yake haimalizi ubishi.

Mwezi huu naanza na siri ya nyumbani kwangu. Jumapili moja jioni, vyombo vimeshaoshwa na watoto wako kwa jirani wanatazama katuni, mume wangu alitandaza karatasi juu ya meza ya chakula. Ilikuwa ramani aliyochorewa na fundi kwa penseli: nyumba moja ndefu yenye milango mitatu, kila mlango una chumba, sebule na choo ndani. "Mama watoto," akasema, "hela ipo. Tukanunue kile kiwanja cha Kivule, mwezi ujao tuanze msingi."

Hela kweli ilikuwepo. Shilingi milioni 40, jasho la miaka saba: mishahara, posho za safari, mchezo wangu wa ofisini, na kigari chetu cha kwanza tulichokiuza kwa machozi. Tatizo ni kwamba na mimi nilikuwa na karatasi yangu kwenye pochi. Nilikuwa nimeorodhesha gawio ambalo benki zilizoko kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam zimewalipa wanahisa wake miaka ya karibuni, nikawa nasubiri siku mzee ana raha nimwonyeshe.

Basi bwana, tulibishana mpaka watoto wakarudi. Yeye anasema, "Hisa ni karatasi, utaishika wapi? Nyumba haiondoki." Mimi namjibu, "Nyumba haiondoki, lakini mpangaji anaondoka, tena usiku, na deni la miezi mitatu." Usiku huo tulilala kila mtu anaangalia ukuta wake.

Najua hatuko peke yetu. Nikikaa na wanandoa wa rika langu, wale wenye kazi ya mshahara, watoto wawili na akiba inayoanza kuonekana, hadithi ni hiyo hiyo. Mmoja kakulia kwenye familia ambayo mtu mzima ni mwenye nyumba. Mwingine kasikia ofisini kwamba wenzake wamelipwa gawio bila kunyanyua hata tofali. Kwa hiyo niliamua kuifanya kazi niliyosomea: kuuliza, kuandika na kupiga hesabu.

HESABU YA VYUMBA

Tulianza na karatasi ya mume wangu, ili asije akasema nimependelea. Kiwanja milioni 8, ujenzi milioni 32 kwa makadirio ya fundi, na sote tunajua makadirio ya fundi huwa hayapungui! Milango mitatu, kila mmoja 120,000 kwa mwezi. Hiyo ni 360,000 kwa mwezi, au 4,320,000 kwa mwaka. Ukigawanya kwa milioni 40 unapata asilimia 10.8. Hapo mume wangu alitabasamu.

Lakini hiyo ni hesabu ya mlango uliojaa mwaka mzima, na hakuna mlango wa namna hiyo. Mpangaji akitoka, unapaka rangi, unamtafuta mwingine, dalali analeta watu watano wa kuangalia tu. Tukaweka mwezi mmoja wa kukaa tupu kwa kila mlango kwa mwaka. Zikabaki 3,960,000.

Halafu serikali. Kiswahili chetu kinaita vyote kodi, anachotoa mpangaji na anachochukua TRA, na wenye nyumba wengi wanaikumbuka ile ya kwanza tu. Mapato ya pango yana kodi ya zuio ya asilimia 10 kwa mkazi wa Tanzania. Hiyo ni 396,000. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye Luku, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka. Ukiacha Luku kwa jina lako na umeme ananunua mpangaji, yeye ndiye anayekulipia, na siku moja atakudai.

Kisha matengenezo: bomba, kitasa, bati linalovuja masika, gari la kunyonya maji taka. Tukaweka 600,000 kwa mwaka, na rafiki zangu wenye vyumba wakacheka, wakasema nimekuwa mpole.

Mwisho wa yote tulibaki na 2,946,000 kwa mwaka, kama asilimia 7.4 ya pesa yetu. Tena hapo hatujahesabu ule mwaka mzima wa kujenga ambao nyumba inakula tu haitapiki. Tabasamu la mume wangu likapungua kidogo.

HESABU YA HISA

Sasa zamu yangu. Kwa asiyejua: ukinunua hisa unakuwa mmoja wa wenye kampuni. Kampuni ikipata faida, mkutano mkuu wa wanahisa unaweza kuamua sehemu ya faida hiyo igawanywe, na kila hisa inapata chake. Hilo ndilo gawio. Soko letu la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa mwaka 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL, ile ya gesi ya oksijeni.

Huendi sokoni na kikapu. Unakwenda kwa dalali wa hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, anakufungulia akaunti ya hisa, na siku hizi unaweza hata kununua kwa simu kupitia Hisa Kiganjani. Gharama za kununua, ukijumlisha ya dalali, ya soko na za wengine, ni zaidi kidogo ya asilimia 2. Usizisahau, maana ukiuza unakatwa tena.

Nilichukua mfano wa CRDB, kwa kuwa kila mtu anaijua. Gawio lake la mwaka 2024 lilikuwa shilingi 65 kwa hisa. Bei ya hisa hubadilika kila siku ya soko, kwa hiyo tuseme, kwa mfano tu, umeinunua kwa 1,000. Milioni 40 zetu, baada ya kutoa gharama, zinanunua hisa kama 39,100. Mara 65, unapata 2,541,500. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko letu linakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 tu, na wanaikata wenyewe kabla hujalipwa. Zinabaki 2,414,425, kama asilimia 6 ya pesa yetu.

Angalia hapo: ungeinunua hisa hiyo hiyo kwa 700, pesa yako ingepata hisa nyingi zaidi na asilimia yako ingepanda. Ungeinunua kwa 1,500, ingeshuka. Wengi wanauliza "gawio ni shilingi ngapi?" na hawaulizi "nimenunua kwa shilingi ngapi?" Ni sawa na kuuliza kodi ya chumba bila kuuliza bei ya kiwanja.

Kwa hiyo vyumba vilinishinda kwa 531,575 kwa mwaka. Mume wangu alikunja karatasi yake kama mtu aliyeshinda kesi.

"Ngoja," nikamwambia. "Hiyo tofauti igawe kwa miezi 12." Akagawa. Ni kama 44,000 kwa mwezi. "Sasa niambie," nikasema, "nani atakwenda Kivule kufuata kodi? Nani atampigia fundi bomba? Nani ataongea na mpangaji aliyefukuzwa kazi?" Akanitazama. Akajibu bila hata kufikiri: "Si wewe? Wewe kazini kwako unatoka mapema."

Jamani! Kumbe ile 44,000 ndiyo mshahara wangu. Bila likizo.

"USUMBUFU UNAINGIA KWENYE SIMU YANGU"

Niliondoka na hilo jibu mpaka Tabata, kwa rafiki yangu tuliyesoma naye Mlimani. Yeye na shemeji wana vyumba sita walivyojenga kidogo kidogo kwa miaka mitano. Shemeji anafanya kazi Mwanza, anarudi mwisho wa mwezi akibahatika. Ameniomba nisitaje jina lake, maana hata shemeji hajawahi kumwambia haya yote.

"Kodi inaingia kwenye simu ya mume wangu," aliniambia huku akichambua mchele. "Usumbufu unaingia kwenye simu yangu."

Vyumba vyao havijawahi kuwalaza njaa. Wapangaji wanalipa miezi sita kwa mpigo, na ile hela ya Januari imelipa ada ya watoto miaka minne mfululizo. Waliwahi kupata mkopo kwa sababu nyumba ilikuwepo ya kuweka dhamana. Kiwanja walichonunua watu wakiwacheka kwamba ni porini, leo daladala inapita mlangoni. "Nikifumba macho naona watoto wangu wana pa kuanzia," anasema. Hicho kitu usikibeze.

Lakini kuna siku anazozikumbuka kwa namna nyingine. Mpangaji mmoja, mfanyakazi wa hoteli, alisimamishwa kazi mwaka 2020 watalii walipokatika kwa sababu ya korona. Miezi minne hakulipa. Shemeji akiwa Mwanza anapiga simu, "Mtoe." Rafiki yangu anafika pale, mke wa yule bwana ana mtoto wa wiki tatu mgongoni.

"Utamtoa vipi, mwenzangu? Nilirudi nyumbani nikamdanganya mume wangu kwamba wamelipa nusu. Ile nusu niliitoa kwenye mshahara wangu."

Nilimuuliza, je, kwa mwaka anatumia siku ngapi kwa ajili ya vile vyumba? Akahesabu kwa vidole: Jumamosi mbili kila mwezi, na simu zisizo na idadi. Nikamuuliza kama amewahi kulipwa. Alicheka mpaka mchele ukamwagika.

MAMA MDOGO NA SHILINGI TANO

Ili nisije nikaonekana natetea upande wangu, nilikwenda pia Morogoro kwa mama mdogo. Mwaka 2009 CRDB ilipouza hisa zake kwa umma, bei ilikuwa shilingi 150. Baba mdogo, mwalimu wa sekondari, alitoa 300,000 akapata hisa 2,000. Kwa pesa hiyo usingejenga hata choo. Hilo nalo ni jambo kwa vijana mnaoanza: chumba kinataka mamilioni mkononi, hisa unaweza kuanza na unachokipata.

Sasa sikiliza safari yake. Gawio la mwaka 2017 lilikuwa shilingi 5 kwa hisa. Hisa 2,000 mara 5 ni 10,000, ukitoa kodi ni 9,500. "Nyama kilo moja na kidogo," mama mdogo anakumbuka. "Nilimwambia baba yako mdogo, pesa yetu umemnunulia nani benki?" Mwaka 2019 hisa hizo ziliuzwa sokoni hata chini ya zile 150 walizonunulia. Miaka kumi, na mtaji umerudi nyuma! Majirani waliouza waliuza. Baba mdogo hakuuza. Mama mdogo anasema haikuwa busara, ilikuwa ubishi.

Halafu mambo yakageuka. Gawio la mwaka 2021 likawa 36, la 2022 likawa 45, la 2023 likawa 50, la 2024 likawa 65. Kwa hisa 2,000 hiyo ya mwisho ni 130,000, na baada ya kodi 123,500. Kwa mtaji wa 300,000! Ndugu zao wa NMB nao wana hadithi: hisa iliyouzwa kwa umma kwa 600 mwaka 2008 ilitoa gawio la shilingi 428.85 kwa mwaka 2024 peke yake.

Lakini usikimbilie simu. Hizo ndizo hadithi tamu, na hadithi tamu ndizo zinazosimuliwa. Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, na miaka kadhaa baadaye bei sokoni ilikuwa bado chini ya hapo. Swissport, iliyokuwa kipenzi cha wapenda gawio, ilipopata washindani wa kuhudumia ndege, kisha korona ikaja, bei yake iliporomoka na gawio likayumba. Kampuni haina deni na wewe la gawio. Mpangaji mwenye mkataba unaweza kumdai. Kampuni ikiamua mwaka huu haigawi, unapiga makofi unakwenda nyumbani.

KILA MOJA NA HOFU YAKE

Baada ya safari zangu nilirudi kwa mume wangu na daftari. Tulikubaliana tuandike hofu za kila upande bila kubishana.

Hofu za nyumba. Kwanza, yai lote liko kapu moja, tena kapu halihamishiki. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Walikuwepo mle watu waliokuwa wakiishi kwa kodi ya vyumba vyao. Kwa hiyo kabla ya kununua kiwanja, serikali ya mtaa peke yake haitoshi: nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, ulizia mchoro wa mipango miji na hifadhi ya barabara. Pili, wapangaji wanafuata kazi. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wenye nyumba wa Masaki na Mikocheni waliokuwa wakitaja bei kwa dola walianza kujifunza kupatana. Tatu, ukipata dharura huwezi kuuza mlango mmoja.

Hofu za hisa. Kwanza, bei inashuka, na unaiona inashuka kila siku kwenye simu, kitu ambacho nyumba haikuonyeshi. Pili, soko letu ni dogo. Kuna kampuni ambazo hisa zake zinapita wiki bila mtu kununua, kwa hiyo ile kusema "nitauza kesho nikishikwa" si kweli kwa kila hisa. Tatu, gawio huja mara moja kwa mwaka kwa kampuni nyingi, mara nyingi katikati ya mwaka baada ya mkutano mkuu, na ada ya shule haisubiri Juni. Nne, na hii mume wangu aliisema kwa kucheka lakini ni kweli: nyumba huwezi kuiuza kwa simu ukiwa baa. Hisa unaweza.

Na kuna hofu ya pande zote: kukopa. Ukinunua hisa kwa mkopo, gawio la asilimia 6 haliwezi kulipa riba ya benki, haliwezi. Ukijenga kwa mkopo, rejesho linaanza kabla msingi haujakauka. Pesa ya kuwekeza iwe ile ambayo ikilala miaka mitano hamtalala na njaa.

JINA LA NANI?

Hapa ndipo penye kazi kwa jarida letu, maana pesa ya wawili ina mambo yake.

Baba mdogo alifariki mwaka 2021. Hisa zilikuwa kwa jina lake peke yake. Mama mdogo alijua zipo, lakini hakujua ziliandikishwa kwa dalali gani, namba ya akaunti ni ipi, wala karatasi ziko wapi. Alizipata ndani ya kitabu cha Fizikia. Ilibidi afungue mirathi mahakamani, ateuliwe kuwa msimamizi, ndipo aanze kuhangaikia kuhamisha jina. Zaidi ya mwaka mmoja ulipita, na kipindi hicho chote gawio lilikuwa linatoka kwa jina la marehemu.

Rafiki yangu wa Tabata naye, nilipomuuliza hati ya kiwanja ina jina la nani, alinyamaza kidogo. "La baba watoto," akasema. "Sikuwahi kuuliza."

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake huyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiandikwa majina mawili, huchukuliwa kuwa haki zao ni sawa, nayo pia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ndoa ikivunjika, mahakama inaweza kugawa mali iliyopatikana kwa jitihada za pamoja, na tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Sheria hiyo hiyo inazuia mwenye ndoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake.

Lakini hebu tuseme ukweli: nani anataka kuthibitisha mchango wake mbele ya hakimu, akihesabu Jumamosi alizokwenda kufuata kodi? Ni rahisi kuandika majina mawili leo, mkiwa bado mnacheka. Kiwanja kinaandikwa majina mawili. Akaunti ya hisa nayo inaweza kufunguliwa kwa majina ya wawili. Gharama yake ni mazungumzo ya dakika kumi, ambayo wengi wetu tunayaogopa kuliko hata kufilisika. Ukimwambia mwenzako "tuandike wote", anadhani unapanga kuondoka. Mwambie habari ya mama mdogo na kitabu cha Fizikia. Wengi wataelewa.

MASWALI YA KUULIZANA USIKU HUU

Kabla hamjaenda kwa fundi wala kwa dalali, zimeni televisheni mjibu haya, kila mmoja kwenye karatasi yake, kisha mbadilishane:

1. Pesa hii tutaihitaji lini? Kama ni chini ya miaka mitano, si ya hisa wala si ya msingi.

2. Nani atafanya kazi? Taja jina. Kama ni vyumba, andikeni nani anapokea simu, nani anasaini mkataba, nani anampa notisi mpangaji. Kisha muone kama huyo huyo ndiye anayepokea pesa.

3. Bei ikishuka nusu, au mlango ukikaa tupu miezi minne, tutalaumiana? Jibuni sasa, kabla haijatokea.

4. Jina la nani litaandikwa, na karatasi zitakaa wapi?

5. Kipato kikiingia kitaliwa au kitarudi kazini? Gawio linalonunua hisa nyingine, au kodi inayojenga mlango wa nne, ndivyo utajiri mdogo unavyozaa. Gawio linalokwisha kwenye kitchen party hubaki picha.

Ukiniuliza lipi linalipa zaidi, jibu langu ni kwamba kwa hesabu ya kawaida vinakaribiana kuliko watu wanavyodhani. Pango hulipa juu kidogo kwa sababu ndani yake kuna kazi ya mtu. Gawio hulipa chini kidogo, halikuamshi usiku, lakini linadai moyo wa kutazama bei ikianguka bila kukimbia. Kwa hiyo jiulizeni nyinyi wawili mnaweza kubeba lipi, kazi au subira, na kwa mabega ya nani.

Sisi tulifanyaje? Tulikaa wiki tatu. Tukanunua kiwanja, kimeandikwa majina yetu mawili. Fundi alichorewa upya: milango miwili kwanza, wa tatu utasubiri. Zilizobaki tunanunua hisa za kampuni tatu tofauti, kidogo kidogo kila robo mwaka, kwa akaunti yenye majina mawili vile vile. Karatasi zote ziko kwenye faili moja jekundu juu ya kabati, na mdogo wangu anajua lilipo. Na makubaliano yetu yana kifungu kimoja nilichokisimamia mpaka mwisho: baba mwenye nyumba ni yeye. Mimi naangalia hisa.

Wapangaji wa kwanza wameshaingia. Juzi usiku, saa nne kasoro, simu ililia: bomba la jikoni limepasuka, maji yanafika sebuleni. Walikuwa wamepiga namba yangu, sijui waliipata kwa nani. Nikasikiliza, nikasema "Subiri kidogo," nikampelekea mume wangu simu kitandani. Mimi nikarudi kumalizia kukunja nguo.

Asubuhi, akinywa chai, aliniuliza hisa zinanunuliwaje.